Kabla Sijashuka Makoroboi

Usipeleke dhahabu dukani ukiwa umeivaa shida usoni.
Aliniambia Nyakwesi, mnunuzi wa mabondo ya sangara,
siku aliponiazima mizani yake ndogo
inayosoma gramu mpaka nukta
na inayonuka Mwaloni hata ukiifuta kwa ndimu.

Nikafunga mlango. Igogo, mlimani, saa tatu usiku,
ziwa zima limelala chini yetu kama mali ya jirani
na ndoo zetu zimekauka.
Nikafungua kitambaa mezani:
hereni moja (ya pili ilizama Kigongo, tukivuka kwenda msibani Sengerema),
mkufu uliokatika mara tatu,
pete ya shangazi Kang'wa, yenye kijiwe chekundu,
na bangili ya Luhende.

Kwanza sumaku, tuliyoitoa kwenye spika mbovu.
Hereni, kimya.
Mkufu, kimya.
Pete, kimya cha mtu mzima.
Bangili ikaruka.
Ikaruka kabla sijaifikia,
ikaing'ang'ania sumaku kama mtu aliyemwona ndugu yake stendi.
Gramu kumi na moja!
Miaka tisa nimeihamisha, kopo la unga, chini ya godoro,
nikiamka kuipapasa kila wezi wakitajwa mtaani.
"Ya Geita hiyo," alisema akinivisha, "ila usiiingize kwenye maji."
Kumbe.

Milembe akasogeza daftari la hesabu, darasa la sita B.
Akasoma mihuri kwa macho yake ya miaka kumi na miwili,
namba ndogo kama mayai ya chawa:
mia tano themanini na tano, hiyo ni kumi na nne juu ya ishirini na nne;
mia tatu sabini na tano, tisa;
mia tisa kumi na sita,
"ishirini na mbili, mama! Hii imekaribia kuwa nzima."

Safi, wiki ile, laki mbili na arobaini kwa gramu.
Gawa kwa ishirini na nne: kila karati elfu kumi.
Nikang'oa kijiwe kwa ncha ya msumari,
maana kioo hakilipwi bei ya pete,
zikabaki gramu tatu na tundu, kama fizi.

"Mkufu, gramu nne: laki tatu na sitini.
Hereni, gramu moja na nusu: laki mbili na kumi.
Shangazi..."
Alisema hivyo, shangazi, hakusema pete,
"laki sita na sitini."
Ile pete imenizaba makofi mengi utotoni.
Sikujua kuwa ni makofi ya karati ishirini na mbili.

Jumla, milioni moja, laki mbili na thelathini elfu.
Toa sehemu ya kumi, ya moto wake na jasho la kuyeyusha.
Chini ya hapo, narudi na kitambaa changu.

Siku mbili baadaye, Makoroboi, sonara Kichwabuta
akasugua kila kimoja kwenye jiwe jeusi,
akadondosha tindikali, akatazama michirizi,
kisha akatazama viatu vyangu.
"Laki nane."

Sikubisha. Nilifungua daftari.
Alisoma mstari kwa mstari, miwani ikimshuka puani,
mpaka penye alama ya vema, ya wino mwekundu
(mwalimu alidhani ni kazi ya nyumbani),
akacheka mpaka fundi wake akaacha kuvukuta.
"Na mwalimu naye kapitisha!"
Milioni moja na laki moja.
Elfu saba iliyozidi nikamwachia, ya chai.

Leo tenki la lita elfu mbili limeketi juu ya jabali nyuma ya nyumba,
jeusi, lenye tumbo.
Pampu inakohoa, ziwa linapanda mlima ndani ya bomba.

Bangili hakuitaka mtu. Naivaa.
Nafulia nayo, naoshea masufuria nayo,
naizamisha mpaka kiwiko.
Inachubuka, kila wiki kidogo,
na chini ya rangi kinatokeza
chuma cha kweli.